Homa Iliyorudi Siku ya Tatu

Dada yangu alimaliza dawa za nimonia siku ya Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni namtazama akimeza kidonge cha mwisho. Akaigeuza ile karatasi ya vidonge juu chini kunionyesha kwamba haina kitu tena, tukacheka wote wawili. Kikohozi kilikuwa kimepungua, makohozi ya rangi ya kutu yalikuwa yamekwisha, na usiku ule alilala mpaka kukakucha. Alhamisi jioni nikampa kikombe cha maji, vidole vyetu vikagusana, nikashtuka. Mkono ulikuwa unachoma.

Kipimajoto kilisoma 39.2.

Nimezirudia siku zile kichwani mara nyingi, na kila nikizirudia nakwama palepale, Alhamisi jioni. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo yuko kwenye Alhamisi yake, amekaa kando ya kitanda na kipimajoto mkononi, akijiambia kwamba labda ni nimonia tu haijaisha vizuri. Mara nyingi huwa ndivyo. Watu wengi sana wanaougua nimonia hupona bila moyo wao kuguswa hata kidogo, na sitaki kumtia mtu hofu isiyo na sababu. Lakini homa inayorudi baada ya dawa kuisha ina jambo inalotaka kusema, na kwetu sisi, ambao bakteria wa nimonia walikuwa wameshaingia kwenye moyo wa mgonjwa wetu, ilichukua siku kadhaa kabla mtu hajakaa chini kuisikiliza.

Hospitali tuliyokwenda kwanza ilitupokea vizuri. Daktari alimsikiliza mgongoni, akatazama picha ya eksirei, akasema pafu la kulia bado lina doa, akaandika dawa nyingine yenye nguvu kuliko ile ya mwanzo. Ilichukua dakika kumi hivi. Hakuchukua damu ya kuotesha, yaani ya kupima kama kuna bakteria wanaoota ndani yake. Hakusikiliza kifua upande wa mbele. Wala hakuuliza kama mgonjwa amewahi kufanyiwa upasuaji, na sisi hatukusema, kwa sababu hatukujua kwamba ajali ya gari ya miaka 9 nyuma ingeweza kuwa na uhusiano wowote na kikohozi cha mwaka huu.

Katika ajali ile dada alipasuka bandama. Alikuwa akivuja damu tumboni, madaktari wakaiondoa, wakamwokoa. Aliporudi nyumbani tuliambiwa mtu anaweza kuishi bila bandama, na ni kweli, anaweza. Kitu ambacho hatukuambiwa, au kama tuliambiwa basi kilipita katikati ya shukrani na machozi, ni kwamba bandama ndiyo chujio la damu. Kuna bakteria waliojivika koti la sukari linaloteleza, kiasi kwamba askari wa mwili wanashindwa kuwakamata wakiwa mbio ndani ya mishipa. Bandama huipunguza damu mwendo, huwapitisha bakteria hao kwenye njia nyembamba, na hapo ndipo wanapokamatwa. Mfalme wa wenye koti hilo anaitwa nyumokokasi, na ndiye anayesababisha nimonia nyingi kuliko bakteria mwingine yeyote. Aliyeondolewa bandama akipata homa, hata kama ni mchana na bado anatembea, hiyo ni dharura. Leo naweza kuisema sentensi hiyo usingizini. Wakati ule sikuwa nayo.

Siku ya tatu ya dawa mpya homa ilishuka nusu. Siku ya nne dada akashindwa kulala chali. Akilala, kifua kilibana na kikohozi kikaanza, kikavu, kifupi, kisichokoma. Akikaa, kilitulia. Tukampangia mito mitatu, kisha minne, na usiku wa manane nilimkuta amekaa kitandani ameshika ukingo wa godoro kwa mikono miwili, anapumua kama aliyepanda ngazi. Nikasema nimonia imezidi. Ndivyo mtu yeyote angesema. Hapo ndipo ugonjwa huu unapodanganya, maana nimonia ilikuwa inapona kwa kweli. Mapafu yalikuwa yanajaa maji, na maji yale yalikuwa yanatoka kwenye moyo.

Tukaenda hospitali nyingine, kubwa zaidi, usiku uleule.

Daktari aliyempokea alikuwa binti mdogo, pengine hajatimiza miaka 30. Alisoma karatasi zote kwanza, za zamani na za sasa, akakuta neno bandama kwenye barua ya miaka 9 nyuma ambayo mimi mwenyewe niliitia kwenye bahasha bila kuisoma. Akainua macho. "Dada, hii bandama iliondolewa?" Dada akaitikia kwa kichwa. Yule daktari akavuta kiti akakaa, na kuanzia hapo mambo yalibadilika mwendo.

Akamtaka ainamie mbele kidogo, atoe pumzi yote, asivute nyingine mpaka aambiwe. Akaweka stetoskopu upande wa kushoto wa mfupa wa kifua. Akasikiliza. Akamwacha apumue, akamrudisha tena. Nilihesabu mara tano. Kisha akanitazama na kuniuliza kama ningependa kusikia. Sikujua kama familia za wagonjwa huruhusiwa. Nikaweka vile vidude masikioni, nikasikia moyo wa dada yangu kwa mara ya kwanza maishani. Mapigo mawili niliyoyajua, lab-dab, na baada ya lile la pili sauti laini ya kupuliza inayofifia, kama upepo unaopenya chini ya mlango usiofunga vizuri. Daktari akasema ndiyo hiyo, mlango haufungi vizuri.

Halafu akamshika mkono, akatazama kucha moja moja. Chini ya ukucha wa kidole cha kati palikuwa na mistari miwili myembamba, myekundu inayoelekea weusi, imesimama wima. Nilikuwa nimeiona tangu juzi yake. Nilidhani kachomwa na kibanzi cha mti.

Nitaeleza kilichokuwa kinatokea jinsi nilivyokuja kukielewa baada ya wiki sita za kukaa wodini na kuuliza maswali mpaka wauguzi wakanizoea. Moyo una vali nne. Ni milango inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia kurudi nyuma, na hufunguka na kufungwa kama mara 100,000 kwa siku. Vali hizo, pamoja na vyumba vyote vya moyo, zimefunikwa kwa ndani na utando mwembamba, laini, ambao madaktari huuita endokadiamu. Utando ukiwa mzima, bakteria wakipita kwenye damu hawapati pa kushika. Ukiwa na mchubuko, chembe za kugandisha damu hujipanga hapo, na bakteria wakifika hunasa. Wengine wana nguvu ya kushika hata utando mzima. Wakishanasa wanazaliana, damu inagandia juu yao, wanazaliana tena chini ya ganda hilo, mpaka kinaota kitu kama ukungu mzito kwenye ukingo wa vali. Madaktari hukiita uoto. Kuvimba huko kwa utando wa ndani ya moyo ndiko endokaditisi.

Kwa dada, bakteria walitoka kwenye pafu. Nimonia ilipokuwa kali, baadhi yao walivuka kuta nyembamba za vifuko vya hewa wakaingia kwenye damu. Hilo hutokea kwa wagonjwa wengi wa nimonia nzito, na kwa kawaida bandama na askari wengine huwamaliza. Kwake chujio halikuwepo. Kutoka mapafuni damu huingia upande wa kushoto wa moyo moja kwa moja, na kabla ya kusambaa mwilini ni lazima ipite kwenye vali ya aota. Nyumokokasi anaipenda vali hiyo kuliko zote, na akiishika haichezei. Kuna bakteria wanaoila vali polepole kwa miezi. Huyu huweza kuitoboa kwa siku chache. Ikitoboka, damu iliyosukumwa kwenda mwilini hurudi moyoni, moyo unalemewa, mzigo unarudi nyuma mpaka mapafuni, na maji yanavuja kwenye vifuko vya hewa. Mgonjwa anashindwa kulala chali. Eksirei inaonyesha weupe mapafuni. Mtu mwenye haraka anaandika nimonia.

Mchanganyiko huu una historia ndefu kuliko nilivyodhani. Katika usiku mrefu wa wodini nilisoma kumhusu William Osler, daktari wa Kanada aliyefungua maiti kwa mamia alipokuwa Montreal. Mwaka 1881 alieleza kwamba mara kwa mara alikuta mambo matatu ndani ya mwili mmoja: nimonia, endokaditisi na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1862, huko Austria, daktari Richard Heschl alikuwa ameshaliona jambo hilo. Mwaka uleule wa 1881 Louis Pasteur nchini Ufaransa na George Sternberg nchini Marekani, kila mmoja kivyake, walimpata bakteria tunayemwita nyumokokasi. Kwa hiyo wakati Osler anahesabu madhara, wengine walikuwa ndiyo kwanza wanamwona mhalifu kwenye hadubini. Osler mwenyewe alikufa Desemba 1919 kutokana na maambukizi ya kifua.

Kisha akaja Robert Austrian, Mmarekani, ambaye mwaka 1957 aliandika kuhusu wagonjwa 8 wenye mambo yaleyale matatu, vali ya aota ikiwa imepasuka. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huuita mchanganyiko huu kwa jina lake. Kilichonigusa zaidi ni alichofanya baada ya hapo. Penisilini ilikuwapo tayari, na wengi waliamini nimonia ya nyumokokasi imeshindwa. Austrian na mwenzake Jerome Gold walipitia kumbukumbu za wagonjwa waliotibiwa hospitalini Brooklyn ambao bakteria walishaingia kwenye damu, na mwaka 1964 wakaonyesha kwamba wale waliokuwa wa kufa ndani ya siku tano za mwanzo walikufa karibu sawasawa, penisilini wapewe wasipewe. Dawa ilikuwa inachelewa. Mtu aliyeona hivyo alibaki na njia moja, kumwahi bakteria kabla hajaingia. Aliifanyia kazi chanjo kwa miaka mingi, ikajaribiwa miongoni mwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, na mwaka 1977 ikaidhinishwa Marekani ikiwa na aina 14 za nyumokokasi. Mwaka 1983 ikaja yenye aina 23. Hiyo ndiyo chanjo, au zile zilizotengenezwa baadaye, ambayo mtu asiye na bandama anatakiwa kuipata. Niliposoma hapo nilifunga simu nikatoka nje ya wodi, nikasimama kwenye korido kwa muda.

Miaka 9. Sindano moja na marudio yake.

Usiku ule wa kwanza, kabla ya dripu yoyote ya dawa, daktari alichukua damu ya kuotesha. Nataka kueleza jinsi inavyofanywa kwa sababu sasa nikiona haifanywi nauliza. Muuguzi alisafisha ngozi ya mkono wa kulia kwa dawa, akasubiri ikauke kabisa, hakupapasa tena kwa kidole. Akavuta damu akaigawa kwenye chupa mbili zenye mchuzi wa kuwalisha bakteria, moja yenye hewa na moja isiyo na hewa. Akahamia mkono wa kushoto, mahali papya, ngozi ikasafishwa upya, chupa nyingine mbili. Baadaye kidogo, mara ya tatu. Kila chupa iliandikwa saa na mahali damu ilipotoka. Akiota mdudu mmoja yuleyule katika chupa za sehemu tofauti, unajua anaishi kwenye damu. Akiota kwenye chupa moja tu, pengine ni wa kwenye ngozi.

Chupa zetu zote sita hazikuota kitu. Siku moja, mbili, tano. Dada alikuwa ameshameza dawa za aina mbili kwa zaidi ya wiki, na dawa hizo zilikuwa zimewapunguza bakteria wa kwenye damu bila kuwafikia waliojificha ndani ya uoto. Daktari alinieleza kwa upole, hakumlaumu mtu. Lakini nilielewa. Ile Alhamisi, dawa zilikuwa zimeisha siku tatu nyuma na homa ilikuwa 39.2. Pengine pale ndipo damu ingesema jina la mdudu. Sisi tukaondoka na kidonge kipya.

Kutolijua jina kuna gharama. Ukimjua bakteria unampiga kwa dawa yake, na nyumokokasi wengi bado wanasikia penisilini au seftriaksoni. Usipomjua, unalazimika kupiga pande zote. Dada aliwekewa dawa tatu kwa pamoja, mojawapo jentamaisini, ambayo ni nzuri na inaokoa watu, lakini ni nzito kwa figo na masikio. Baada ya siku kumi kipimo cha figo kilipanda wakaisimamisha. Figo zilirudi. Sikio la kushoto mpaka leo linalia kama jokofu linavyovuma usiku.

Uoto wenyewe tuliuona kwa ekokadiografia, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwanza ile ya kupitisha kifaa juu ya kifua, iliyoonyesha vali inavuja lakini haikuonyesha vizuri kwa nini. Kesho yake ile ya kumeza, ambapo kifaa hushushwa kooni hadi kwenye umio, nyuma tu ya moyo. Kwenye kioo niliona ukingo wa vali ukipepea, na juu yake kitambaa kidogo kilichokuwa kinarushwa huku na huko kila moyo ukipiga. Milimita 12. Hofu yao ilikuwa kwamba kipande kikatike. Kikitoka upande wa kushoto wa moyo kinaweza kwenda popote, na kikienda kwenye ubongo ni kiharusi. Ile mistari ya kwenye ukucha ilikuwa onyo la aina hiyo kwa kipimo kidogo kabisa.

Uoto ukiwa upande wa kulia wa moyo, safari huwa ya kinyume. Kitanda cha dirishani alikuwepo msichana anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo. Bakteria aina ya stafilokokasi walipita kwenye mrija uliokuwa shingoni mwake, wakakaa kwenye vali ya trikaspidi. Kutoka pale damu huenda mapafuni tu, na kila kipande kilichokatika kilikwama kwenye pafu na kutengeneza jipu. Eksirei yake ilikuwa na madoa ya duara pande zote mbili, mengine yana tundu katikati. Kabla ya kufika pale alikuwa ameshaambiwa ni kifua kikuu. Watu wanaojidunga dawa za kulevya hupata ugonjwa huuhuu kwa njia ileile, na mara nyingi huaibishwa kabla ya kusikilizwa, jambo linalonikasirisha kuliko ninavyoweza kuandika. Kwa dada, maambukizi yalitoka pafuni yakaenda moyoni. Kwa msichana yule yalitoka moyoni yakaenda mapafuni. Wote wawili waliingia hospitali wakikohoa.

Kuna na utando wa nje. Moyo umekaa ndani ya mfuko wenye maji kidogo sana, mililita 15 hadi 50, ya kulainisha tu. Mfuko huo umepakana na mapafu, na nimonia au usaha wa kifuani unaweza kuvuka ukuta ukauwasha. Virusi huweza kuuwasha bila nimonia yoyote. Kifua kikuu nacho huupenda, na huujaza maji polepole mpaka lita moja au zaidi, au kikauacha mgumu kama ngozi kavu unaokaba moyo. Maji yakija ghafla, hata mililita 200 zinaweza kuua, maana mfuko haujapata muda wa kutanuka. Maumivu ya mfuko yana tabia yake: makali, yanazidi ukilala au ukivuta pumzi ndefu, yanapungua ukikaa na kuinama mbele. Kwa hiyo mgonjwa wa kifua anayekataa kulala, aulizwe ni nini kinamzuia, maumivu au pumzi. Jibu linaelekeza sehemu mbili tofauti za moyo.

Na kwa wanaoishi karibu na mbuzi, kondoo au ng'ombe, liko jina moja zaidi, homa ya Q. Edward Derrick aliieleza mwaka 1937 kule Queensland, Australia, akaipa herufi hiyo kwa maana ya swali (kwa Kiingereza, query), kwa sababu hakuna aliyejua ni nini. Bakteria wake hutoka hasa kwenye kondo la nyuma la mnyama aliyezaa, hupeperuka na vumbi, na mtu akivuta anaweza kupata nimonia. Kwa wachache, hasa wenye vali zilizokwisha kuharibika, hurudi miezi au miaka baadaye kama endokaditisi isiyoota kwenye chupa kamwe. Matibabu yake hayapungui miezi 18. Ndiyo maana daktari yule mdogo alimuuliza dada, saa nane ya usiku, kama anafuga.

Upasuaji ulifanyika siku ya 11. Nilidhani wangesubiri dawa zimalize kazi kwanza, maana nani anashona nguo mpya juu ya kidonda? Daktari wa upasuaji alinichorea kwenye kipande cha karatasi. Vali ni kitambaa kisicho na mishipa ya damu ya kutosha, dawa inalowea humo taratibu mno, na bakteria waliolala ndani ya uoto wako wengi mno na hawali haraka, kwa hiyo hawafi haraka. Ndiyo maana tiba ni wiki nne hadi sita za dripu. Lakini vali iliyotoboka haitaziba kwa dawa, na moyo uliolemewa haungoji wiki sita. Mlango umevunjika, akasema. Tunabadilisha mlango, kisha tunaendelea kufukuza wadudu.

Alikaa chumba cha upasuaji saa tano na nusu. Kipande cha vali ya zamani kilipelekwa maabara, wakatafuta vinasaba vya bakteria. Wiki ya tatu tangu tufike, daktari akaja na karatasi mkononi hata kabla ya kuvaa koti. Nyumokokasi. Dada alilia. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Mdogo wangu, angalau sasa najua ninapigana na nani." Siku hiyohiyo dawa zikapunguzwa zikabaki moja.

Wiki zilizofuata sina mengi ya kusema juu yake. Kanula ilihamishwa mara nyingi mpaka wakaweka mrija mrefu kwenye mkono wa juu. Dripu kila siku, damu kila siku ya pili, kupima uzito kila asubuhi. Uchovu wa mgonjwa niliutegemea, wa kwangu sikuutegemea. Wakati mwingine alikuwa mkali, wakati mwingine nilikuwa mkali mimi. Kuna utafiti uliofanyika Denmark, ukachapishwa mwaka 2019, ukihusu wagonjwa 400 wa endokaditisi ya upande wa kushoto waliokwisha kutulia. Ulionyesha kwamba baadhi wanaweza kumalizia tiba kwa vidonge bila kupata matokeo mabaya kuliko wenzao wa dripu. Daktari alilitaja hilo, lakini kwa kuwa jina la mdudu lilichelewa na vali ilikuwa mpya, hawakutaka kubahatisha. Tukamaliza wiki sita.

Kabla ya kuruhusiwa alichomwa chanjo ya nyumokokasi. Akapewa ratiba ya marudio, na nyingine za kuwalinda wasio na bandama dhidi ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo na jamaa zao. Muuguzi aliandika kwa herufi kubwa kwenye kadi ndogo: HANA BANDAMA. ANA VALI BANDIA. HOMA NI DHARURA. Akaiweka kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe. Pia akamkumbusha meno. Mwenye vali bandia yuko kwenye kundi dogo linalohitaji kumeza dawa ya kuzuia kabla ya kung'olewa jino, na kinywa kichafu humwaga bakteria kwenye damu kila siku hata bila daktari wa meno.

Vali yake ni ya chuma na kaboni. Anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni na kupima ugandaji wa damu mara kwa mara. Usiku nyumba ikitulia, ukikaa karibu naye unasikia moyo wake ukibofya, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofungiwa kwenye droo. Miezi ya mwanzo sauti ile ilimnyima usingizi. Sasa anasema ikikawia kumjia sikioni ndipo anaamka.

Mwezi uliopita alinipigia saa kumi alfajiri. Hakusalimia. "Nina 38.4," akasema, "na sijameza kitu." Nikavaa viatu bila soksi. Tulipofika mapokezi alitoa ile kadi kwenye mfuko wake wa plastiki, akaiweka mezani mbele ya kijana wa zamu, na kijana alipoanza kuandika dawa, dada akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko. "Mwanangu," akamwambia, "dawa nitakunywa. Nichukue kwanza damu, mikono yote miwili."

Kijana akaisoma kadi tena. Kisha akaenda kutafuta chupa.